Acheni Kutuambia "Fomati Tu"

Wiki tatu hizi sijaandika lolote, na wanaonijua wanajua kwamba nikinyamaza hivyo huwa kuna jambo limenikaa kooni. Leo nalitema. Nitawaudhi watu wa aina mbili: mafundi wa kompyuta ambao dawa yao ya kila ugonjwa ni kufomati, na sisi wahubiri wa Linux ambao tumekuwa tukiwaambia watu kwamba kuweka mifumo miwili kwenye mashine moja ni kazi ya nusu saa na kikombe cha chai. Mimi ni wa kundi hili la pili, kwa hivyo nikirusha jiwe mjue linanirudia.

Kisa chenyewe ni hiki. Shemeji yangu ni mwalimu wa sekondari huko Taita. Ana kipakatalishi cha zamani, zile tunazoziita ex-UK, chenye diski ya GB 500 ya ile aina inayozunguka, na Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia kikomo. Mashine yake haina TPM 2.0 inayotakiwa na Windows 11, basi akaniuliza afanye nini. Nikamjibu kama nilivyowajibu watu tangu 2006, enzi zile CD za Ubuntu zilikuwa zinatumwa bure kwa posta: weka Linux. Usiiondoe Windows, ziweke zote mbili, ukiwasha mashine unachagua unayoitaka. Nikamtumia kiungo cha kupakua, nikamweleza jinsi ya kuiandika kwenye flashi, kisha nikamwambia (na maneno haya nayakumbuka vizuri mno), "Hapo ni kubofya Next tu, shem."

Jumamosi jioni akanipigia, sauti imechangamka. Imekubali! Inawaka haraka kuliko zamani, hata Wi-Fi imeshika bila kuombwa. Halafu akauliza: "Lakini shem, D imeenda wapi?"

Wale mliowahi kuulizwa swali hilo mnajua tumbo linavyogeuka.

Sasa, kabla hamjaanza kumcheka, tazameni kilichotokea. Diski yake ilikuwa na jedwali la patisheni la mtindo wa kale, MBR. Jedwali hilo hukaa kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski, sekta ya baiti 512, na lenyewe ni baiti 64 tu: nafasi nne za baiti 16 kila moja. Ndiyo, ramani nzima ya diski ya GB 500 ni fupi kuliko SMS moja. Nafasi nne maana yake ni patisheni kuu nne, basi. Mashine yake ilikuwa nazo zote nne tayari: ile ndogo ya mfumo, C, D, na ile ya kurejesha ambayo watengenezaji huiweka. Programu ya kusakinisha ilipofika hapo haikuona pa kuongeza ya tano, na badala ya kumwambia hivyo ikaliondoa kimya kimya lile chaguo la kukaa pamoja na Windows. Aliyoyaona ni mawili: kufuta diski na kusakinisha, au lile la watu wanaojua wanachofanya. Yeye hajioni mtu anayejua anachofanya, basi akachagua la kwanza, kama ambavyo mtu yeyote mnyenyekevu angefanya.

Lakini kulikuwa na onyo! Ndiyo, lilikuwepo, kwa Kiingereza, na shemeji yangu hufundisha Kiingereza. Alilisoma. Nilimuuliza alilielewaje, na jibu lake limeniuma kuliko kisa kizima. Windows, mkifungua mkatazama, huziita C na D kila moja kwa jina lilelile: Local Disk. Kwa miaka kumi na zaidi kompyuta imemwambia kwamba ana diski mbili. Na mafundi wetu wamemfundisha, kama walivyotufundisha sote, "weka vitu vyako D, hata C ikiharibika D iko salama." Kwa hivyo aliposoma kwamba diski itafutwa, alielewa ni ile diski ya Windows, yaani C. Faili zake muhimu ziko D. Alikuwa anatii mafundisho!

Nani mjinga hapo? Mwalimu, au sisi ambao kwa miaka yote hatujawahi kukaa chini tumweleze mtu kwamba C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja, na bulldoza haliulizi mlango?

Haya, kosa la kwanza hilo. Ninachotaka mkishike ni kwamba hapo bado hapakuwa na msiba. Jedwali la patisheni likifutwa, data haifutwi. Umeng'oa kibao cha njia, lakini nyumba iko. Mfumo wenyewe uliosakinishwa ni GB kumi na kitu katika diski ya GB 500. Mtu akizima mashine dakika ileile, sehemu kubwa ya vitu vyake bado iko pale inasubiri.

Na mimi nikamwambia nini? "Usijali, usifute kitu, nitaiangalia Jumatatu."

Nilikuwa kwenye matatu, nimechoka, na nilitaka kufika nyumbani. Sikumwambia azime. Na hapa niwape kitu ambacho watumiaji wengi wa Linux, hata wakongwe, hawakijui. Ext4 inapoundwa siku hizi haimalizi kazi yake papo hapo. Ili ionekane yenye kasi, huacha majedwali ya inodi bila kuyasafisha, kisha mfumo ukishawaka kuna kazi ya chini chini ndani ya kaneli, jina lake ext4lazyinit, inayopita taratibu ikiandika sifuri. Piga hesabu. Kwa kawaida hutengwa inodi moja kwa kila KB 16, na inodi moja ni baiti 256. Kwa diski ya GB 500 hiyo ni karibu GB 8 za sifuri, zilizotawanywa vipande vya MB 32 kila baada ya GB 2, kutoka mwanzo wa diski hadi mwisho. Hugusi kitu. Umekaa sebuleni unakunywa uji. Mashine imewaka tu, na inakula picha za harusi yako kwa utaratibu kabisa.

Kwa hiyo neno la kwanza la kumwambia mtu aliyepoteza faili ni ZIMA. Kuizima kwa heshima kunaandika mengine, kwa hivyo shikilia kile kitufe mpaka ife, au chomoa betri. Mfumo mpya ukiharibika, nani anaujali? Una nusu saa tangu uzaliwe.

Mimi sikusema hivyo. Jumamosi usiku mashine ikawaka, ikapakua masasisho. Jumapili mwalimu mwenzake, kwa nia njema kabisa, akampeleka kwa fundi.

Fundi huyo simtaji, na sina haja, kwa maana yuko kila mji wa Kenya. Alitazama skrini, akauliza, "Hii ni nini?" Akaambiwa ni Linux imeingia na faili zimepotea. Akasema hizo hazirudi tena, fomati tu, niwawekee Windows yenu. Akafuta kila kitu, akaunda patisheni moja kubwa, akafomati, akasakinisha Windows. Shilingi 1,500.

Jamani. Linux ilikuwa imekanyaga ua. Huyu akajenga juu yake ghorofa.

Kwa sababu angalieni: Windows ikifomati patisheni ya NTFS ya ukubwa kama huo, huliweka jedwali lake kuu la faili, lile liitwalo MFT, kwa kawaida mahali palepale, takriban GB 3 kutoka mwanzo wa patisheni. Ndipo lilipokuwa jedwali la C ya zamani. Jedwali jipya limekaa juu ya lile la kale kama kaburi juu ya kaburi. Pale ambapo pengine ningepata majina, folda na tarehe, sasa kuna majina ya faili za Windows mpya isiyo na chochote ndani.

Najua mafundi watanijibu. Watasema mteja analipia mashine inayowaka, halipii siku mbili za kutafuta faili. Ni kweli, na hilo nalikubali. Ukimwambia mtu elfu tano za kuokoa faili atakuuliza kama umerogwa. Lakini swali moja ni bei gani? "Kuna kitu humu unachokihitaji?" Dobi wa mtaani kwetu hupekua mifuko kabla ya kuloweka suruali, na analipwa kidogo kuliko wewe. Kama kazi huiwezi, sema siiwezi, chomoa diski, mpe mwenyewe mkononi, mwambie ampelekee anayeiweza. Kusema "hazirudi" wakati hujajaribu si utaalamu. Ni uvivu uliovaa koti jeupe.

Na msidhani ugonjwa huu ni wa mafundi wa mjini peke yao. Mwaka 2004 ilipotoka Fedora Core 2, kwenye baadhi ya mashine programu ya kusakinisha iliandika vipimo vya diski visivyoipendeza Windows XP, na XP ikagoma kuwaka. Data yote ilikuwa pale pale, salama. Kilichokosewa kilikuwa tarakimu chache ndani ya jedwali, na zilirekebishika. Aliyefomati kwa hofu alijipotezea mwenyewe. Agosti 2024 ikawa zamu ya upande wa pili: sasisho la Windows lilifanya mashine kadhaa zenye mifumo miwili zikatae kuiwasha Linux, zikitoa ujumbe wa kutisha kuhusu SBAT. Hapo nako hakuna faili hata moja iliyokuwa imeguswa. Kuzima Secure Boot kulitosha kuingia. Mashine kutowaka si sawa na faili kupotea. Laiti ningeweza kuliandika hilo juu ya mlango wa kila duka la kompyuta.

Diski ilinifikia Jumanne, kwa basi, imefungwa kwa gazeti. Nilinunua diski ya nje ya TB 1, kwa sababu kanuni ni kwamba huokoi faili ukiziandika kwenye diski ileile unayoiokoa, na hufanyi kazi juu ya diski yenyewe bali juu ya taswira yake. Amri ni hii, kwa wanaopenda amri:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb shemeji.img shemeji.map

(Hakikisha mara tatu kwamba sdb ndiyo diski ya mgonjwa! Nimeshaona mtu akigeuza chanzo na kikomo.) Mashine yangu ya kazi hizi ni kuukuu, ina USB 2, ikachukua karibu saa tano nzima. Baada ya hapo nikaiachia taswira TestDisk, programu huria ya Christophe Grenier, ambaye kwa maoni yangu anastahili sanamu. Utafutaji wa haraka ulionyesha patisheni ya fundi tu. Ule wa kina ukatambaa, ukatambaa, na mahali fulani kwenye GB 150 ukasimama: NTFS. D! Bonyeza P, na orodha ya folda ikafunguka kama mlango wa duka asubuhi. Mitihani, maazimio ya kazi, picha, faili zaidi ya elfu tisa zenye majina yake. Daftari la chama la miaka sita, hesabu za watu ishirini na wawili, likafunguka kwenye LibreOffice bila kukosa hata safu moja. Nilimpigia saa hiyohiyo na nilisikia dada yangu akipiga kigelegele nyuma.

Kisha akaniuliza kuhusu Desktop.

Desktop huwa C. Na pale juu ya Desktop, "ziwe karibu," alikuwa ameweka rekodi kumi na nne za sauti. Mama yake, aliyefariki 2021, akisimulia hadithi kwa Kidawida, jinsi alivyoolewa, majina ya watu wa ukoo hadi vizazi ambavyo hakuna mwingine anayevikumbuka. Alimrekodi kwa simu, akazihamishia kwenye kompyuta, simu ikaibwa. Hakuna nakala nyingine.

Kwa C ilibaki PhotoRec, nduguye TestDisk. Hii haijali jedwali wala majina. Inasoma diski sekta kwa sekta ikitafuta vichwa vya faili inazozijua: JPEG huanza na FF D8 FF, PDF huanza na %PDF, na kadhalika. Inachokupa ni makumi ya folda zinazoitwa recup_dir, zimejaa faili zenye majina kama f0482136.mp3. Faili iliyokuwa imekatikakatika kwenye diski hurudi kipande, au haifunguki. Nilipata mp3 mia tatu na kitu. Nikazisikiliza moja moja, usiku mbili. Kwaya, kwaya, matangazo ya mitihani, kwaya. Usiku wa pili, kama saa nane, ikatoka sauti ya mwanamke mzee akikohoa, kisha akicheka.

Zilirudi nne. Moja inakatika katikati ya sentensi.

Sasa turudi kwetu wahubiri. Najua mtakalosema, kwa sababu nimelisema mimi mara mia: angekuwa na bakapu. Kweli. Rekodi zote kumi na nne hazikufika MB 200. Flashi ya pili ya GB 8 ingetosha na nafasi kubaki. Lakini nani alimwambia? Mimi nilimwambia abofye Next. Sisi huiweka bakapu kwenye mstari wa mwisho wa maelezo, kwa maandishi madogo, kama onyo la sigara, kisha mambo yakiharibika tunauonyesha kwa kidole: si tulikuambia? Tunaogopa kwamba tukianza na hatari mtu atabaki na Windows yake. Basi abaki! Mtu aliyebaki na Windows yenye faili zake ni bora mara elfu kuliko mwongofu aliyepoteza sauti ya mama yake.

Na wale wanaosema "usiogope, TestDisk itarudisha", msinyamazie hili: ushauri huo unazeeka. Uliisaidia D ya shemeji kwa sababu diski yake ni ya kuzunguka. Kwenye SSD, mke2fs inapounda ext4 huiambia diski, bila kuulizwa, kwamba sehemu zote hizo hazitumiki tena. Windows nayo hufanya vivyo hivyo ikifomati. Diski inakuwa huru kuzisahau, na kwa SSD nyingi ukizisoma baada ya hapo unapata sifuri. Hakuna vichwa vya JPEG vya kutafuta. Ikiwa ni jedwali tu lililofutwa na hakuna aliyefomati, tumaini lipo. Ikishafomatiwa, usimuuzie mtu ndoto. Na mashine nyingi mpya za Windows 11 huja zikiwa zimesimbwa kwa BitLocker, kwa hivyo hata ukiipata patisheni, bila ule ufunguo wa tarakimu 48 umepata rundo la kelele. Muulize mtu ufunguo wake uko wapi kabla hujagusa kitu, na usikubali jibu la "nadhani uko kwenye imeili".

Mimi nimeacha kusakinishia watu kwa simu. Anayetaka Linux kwangu sasa aje na mashine, na kwanza nione nakala ya vitu vyake ikifunguka kwenye kompyuta nyingine. Kuiona imenakiliwa hakutoshi. Halafu mara nyingi siweki hata hiyo mifumo miwili kwenye diski moja. Nachukua bisibisi, naitoa diski yake, naiweka mezani, natia SSD ndogo ya mtumba na kusakinisha humo. Wenzangu wananicheka kwamba nimekuwa mwoga wa utu uzima. Wacha wacheke. Hakuna kitufe duniani kinachofuta diski iliyo juu ya meza.

Shemeji sasa anatumia Linux, kwa njia. Hakunilaumu hata neno moja, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi kulibeba kama angenilaumu. Ile taswira ya GB 500 ingali kwangu, sijaifuta, na toleo jipya la PhotoRec likitoka nitaipitisha tena. Nimeshajaribu na programu nyingine mbili. Bado ni nne.